Dhahiri na Batini: Mahasimu wa Ngoma na Ulingo katika Pwani ya Kusini

Mashindano yoyote yafanywayo mbele ya watu kwa ajili ya kuwafurahisha yana pande mbili: upande wa dhahiri, ambao mtazamaji ameulipia kwa fedha zake au kwa usingizi wake, na upande wa batini, ambao washindani huujua peke yao, na mtu atakaye kufahamu ni nani hasa amchukiaye nani, hana budi kuuacha ule wa kwanza, hata uwe wa kupendeza namna gani, akautafute wa pili. Katika mieleka ya kulipwa, ile ambayo Wamarekani wameifanya biashara kubwa na ambayo vijana wetu huitazama katika runinga kuanzia Kilwa Masoko hata Mtama, mtu hubwagwa chini kwa kishindo, hutukanwa yeye na waliomzaa, huapiwa kisasi mbele ya maelfu, na usiku ule ule huenda akala sahani moja na huyo aliyembwaga. Wako wanaocheka wakasema, basi yote ni uongo. Maneno hayo ni nusu ya ukweli. Matokeo hupangwa na matusi hutungwa, lakini mkanda wa ubingwa huvaliwa na mmoja tu, na yuko mtu anayeamua ni nani atakayeuvaa. Na penye cheo kimoja na watu kumi wanaokitaka, hasama huwa ya kweli hata kama cheo chenyewe ni cha mchezo. Wala hasama hiyo aghalabu haiwi baina ya wale wanaotukanana hadharani, bali baina ya wale wanaovaa sare moja. Pwani yetu ya kusini, tangu Kilwa hata Lindi, ililijua jambo hili kabla ya kuwako runinga wala mkanda, na sura hii yataka kulieleza kwa mifano.

Na tuanze na cheo kilichokuwa cha kweli kikageuzwa kuwa cha mchezo. Mwanzoni mwa karne ya kumi na sita Kilwa Kisiwani ilikuwa mikononi mwa Amiri Ibrahim, ambaye hakuitwaa enzi kwa urithi, bali aliishika kwa nguvu baada ya kuuawa Sultani al-Fudail. Mtawala wa namna hiyo hana usingizi, na macho ya Ibrahim yalimwelekea zaidi tajiri mmoja wa mjini aitwaye Muhammad Ankoni. Vasco da Gama alipotia nanga mwaka 1502, akadai kodi ya utii kwa mfalme wa Ureno, Ibrahim alimtoa Ankoni awe rahani mpaka mali ilipwe. Kisha, kwa masimulizi ya João de Barros, mwandishi wa tarehe za Wareno, mali haikupelekwa, kwa kuwa Ibrahim aliona ni heri wageni wamwondolee hasimu wake bila ya yeye kuinua mkono. Ankoni ikambidi ajikomboe kwa mali yake mwenyewe, akarudi mjini akiwa hai na akiwa amefahamu.

Miaka mitatu baadaye, Julai 1505, Francisco de Almeida aliuteka mji, Ibrahim akakimbia, na Wareno wakamtawaza Ankoni kwa taadhima kubwa. Taji la dhahabu walilomvika halikutengenezwa kwa ajili yake wala kwa ajili ya Kilwa: lilikuwa zawadi iliyotoka Ureno kupelekewa mfalme wa Cochin katika Bara Hindi, likaazimwa kwa shughuli ya siku ile, kisha likaendelea na safari yake. Ankoni, ambaye yaonekana alikuwa mtu mwenye insafu, aliomba kwamba baada yake atawale mwana wa marehemu al-Fudail, wala si mwana wake mwenyewe; lakini insafu yake haikumwokoa, kwani mwaka uliofuata aliuawa kwa hila iliyofanywa na jamaa wa Ibrahim. Mwanawe Haji Hassan akarithi enzi pamoja na kisasi, mwana wa al-Fudail akatokea kudai haki yake, na fitina ikaendelea kuula mji mpaka Wareno walipochoka wakaondoka mwaka 1512, na Ibrahim yule yule akarejea katika utawala. Taji lilikaa kichwani muda wa karamu moja. Damu iliyomwagika kwa ajili yake ilikuwa ya kweli kwa miaka saba. Na la kuzingatiwa zaidi ni kwamba mizinga ya wageni haikumuua Ankoni: waliomwinda tangu mwanzo ni Ibrahim na jamaa zake, watu wa nyumbani wala si wageni.

Desturi ya kugombea cheo kwa fahari badala ya upanga ilikuwa imeenea pwani nzima, na ilikuwa na kanuni zake. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake yamo katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, aeleza jinsi mtu wa Mrima alivyopanda daraja kwa kutoa ada, yaani kwa kuwalisha na kuwapa mali wale waliomtangulia katika cheo, na jinsi ngoma na karamu zilivyokuwa ndio uwanja wa kuonyeshana nani ana watu na nani hana. Aliyetoa ada hakuwa akishindana na mji wa mbali. Alikuwa akishindana na jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa na umri kama wake, na nasaba kama yake, na pengine amemwoa dada yake. Na mji mzima ulijua, hata sogora wa ngoma aliyealikwa kuipigia karamu ile alijua, kwamba wageni waliokula pilau kwa furaha walikuwa wakihesabu masinia ili wakamsimulie yule jirani.

Juu ya msingi huo ndipo iliposimama Beni. Mchezo huu ulizaliwa katika miji ya Lamu na Mombasa katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, vijana walipoiga gwaride, sare, matarumbeta na ngoma kubwa za bendi za Kizungu, wakazitia nyimbo na mafumbo ya kwao. Ulishuka kusini katika nchi iliyokuwa ya Wadachi kabla ya vita ya 1914, na huku ukagawanyika katika vyama viwili vilivyojulikana kila penye bandari, kambi au boma: Marini na Arinoti. Marini walijiona kuwa ni watu wa mji, wenye nasaba, elimu na nguo safi. Arinoti kilikuwa zaidi ni chama cha wageni wa kutoka bara, wapagazi, vibarua, na wale ambao wazee wao walipata kuwa watumwa. Mpaka huu haukuwa wa chuma, maana karani fukara aliweza kupita huku na kibarua mwenye sauti nzuri akapokewa kule, lakini ulitosha kuwapa watu upande wa kushika.

Katika pwani ya kusini chama cha namna hii kilikuta miji iliyokwisha gawanyika. Kilwa Kivinje, ambayo katika karne ya kumi na tisa ilikuwa soko kuu la watumwa waliotoka pande za Ziwa Nyasa, ilikuwa na waungwana waliokumbuka nani alimmiliki nani, na ilikuwa na wajukuu wa waliomilikiwa, ambao walikumbuka vilevile ingawa walinyamaza. Lindi ilikuwa na liwali, na wafanya biashara Waarabu na Wahindi, na wenyeji wa mitaa ya zamani. Na nje ya mitaa hiyo walikuwako Wamwera, Wamakonde, Wayao na watu waliovuka Mto Ruvuma kuja kutafuta kazi bandarini na katika mashamba ya mkonge. Watu wa namna hii, waliokatazwa na adabu kuambiana kweli mchana, walihitaji mahali pa kuambiana usiku, kwa ngoma, na kwa mafumbo ambayo kila mmoja aliyafahamu na hapana aliyeweza kuyapeleka kwa kadhi.

Lakini hapa ndipo mgeni anapokosea. Mgeni akiwaona Marini na Arinoti wakipita kwa gwaride, hawa wakiwaimba wale kuwa ni washenzi wasio na nguo, na wale wakiwaimba hawa kuwa ni wenye kiburi wasio na chakula, angedhani kwamba ameona uadui. Kumbe mashindano hayo hayakuweza kufanyika ila kwa mapatano. Siku ilibidi ikubaliwe na pande zote mbili, uwanja ujulikane, kibali kiombwe kwa wenye serikali, na zamu za kuimba zipangwe. Na chama kilichokosa hasimu kilikuwa chama mfu, kwa maana hakuna anayechanga fedha ya sare ili akatambe mbele ya uwanja mtupu. Tena mashindano haya hayakuwa na mwamuzi mwenye neno la mwisho. Hadhira ilitoa hukumu yake kwa kujaa upande mmoja na kupunguka upande wa pili, kila chama kikaondoka kikidai ushindi, na ubishi ule usiokwisha ndio uliokuwa posho ya mashindano ya mwaka ujao. Marini alimhitaji Arinoti kama vile mcheza bao anavyomhitaji wa kumkabili.

Watu wa kusini hawakuona ajabu katika hayo, kwa kuwa walikuwa na utani. Makabila yaliyopata kupigana zamani, au yaliyokutana katika njia za misafara, yalipeana ruhusa ya kutukanana, kunyang'anyana vitu vidogo, na kufanyiana mzaha hata msibani, na aliyekasirika ndiye aliyeaibika. Mtani ana haki ya kukuzika. Basi mtu aliyelelewa katika desturi hiyo hakupata taabu kufahamu kwamba matusi ya uwanjani ni namna ya ujamaa, na kwamba yule anayekutukana kwa sauti kubwa mbele ya watu si wa kuogopwa sana. Wa kuogopwa ni yule asiyekutukana kabisa.

Nao ni akina nani hao? Ni watu wa chama chako mwenyewe. Kila tawi la Beni lilikuwa na safu ndefu ya vyeo vilivyoigwa kutoka serikalini na jeshini: Kingi au Kaiza, Gavana, Jenerali, Hakimu, Daktari, na wengine chini yao mpaka askari wa kawaida, wanawake nao walikuwa na vyeo vyao. Kila cheo kilikuwa na nguo yake, nafasi yake katika gwaride, na haki yake ya kuamkiwa. Palikuwa na ada ya kuingia, michango, na faini kwa aliyechelewa au aliyemvunjia mkubwa wake heshima. Na kwa fedha hizo chama kilizika wafu, kilipokea wageni kutoka miji mingine, kiliwasaidia waliofiwa na waliofunguliwa mashtaka. Kwa hiyo aliyekuwa Kingi wa mchezo alikuwa na vitu visivyo vya mchezo kabisa, yaani mfuko wa fedha, neno la mwisho juu ya nani asaidiwe, na jina lililotangulia kufika katika matawi ya Dar es Salaam na Tanga kabla yeye mwenyewe hajashuka chomboni. Mtu aliyeshinda siku nzima akibeba barua katika afisi, akiitwa boi na kijana wa Kizungu mwenye umri wa mwanawe, jioni alivaa kofia yenye manyoya akapigiwa saluti na watu mia. Ni vigumu kumwambia mtu huyo kwamba saluti ile ni ya mzaha. Na ni vigumu zaidi kumshawishi ampishe mwenzake.

Hapo ndipo siasa ya uani ilipoanza. Fikiri juu ya mambo ambayo lazima yaamuliwe katika chama cha namna hiyo: nani atatunga wimbo wa kumjibu hasimu, na ukipendwa utaitwa wa nani, nani atashika daftari la michango, nani atatangulia kuingia uwanjani, nani atavikwa cheo cha aliyefariki, ndugu yake au aliyemtumikia. Malenga akidharauliwa alikuwa na silaha ambayo hasimu wa nje hakuwa nayo, kwa maana aliijua aibu ya kila mmoja, na akihamia upande wa pili alihama nayo. Hata hivyo dawa ya kwanza ya aliyekosa cheo haikuwa kuhama, bali kunong'ona: kwamba hesabu haziendani, kwamba Kingi amekula faini, kwamba ameiuza ngoma kwa upande wa pili. Shutuma hiyo ya kuuza mashindano, ambayo mpaka leo husikika katika ngumi na katika mpira kila timu inapofungwa, humpata daima mtu wa ndani, na hakuna kitu kinachoweza kuithibitisha wala kuikanusha.

Kisha ikaja vita ya kweli, na pwani hii ikawa uwanja wake. Waingereza waliingia Kilwa mwaka 1916. Julai 1917 palipiganwa Narungombe, na Oktoba mwaka ule ule pakapiganwa Mahiwa, karibu na Nyangao, siku nne za mauaji ambayo wazee wa Lindi waliyasimulia kwa miaka mingi. Na mwezi uliofuata von Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma na mabaki ya jeshi lake. Waliokuwa wakicheza majeshi sasa walikuwa askari wa pande mbili na wapagazi wa pande mbili, na maelfu kwa maelfu ya wapagazi hao walikufa kwa njaa na maradhi bila ya kupigwa risasi. Jambo la kustaajabisha ni kwamba Beni haikufa katika moto ule. Ilienea. Askari na wapagazi waliichukua mpaka Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini, ambako ilizaa ngoma za mganda na kalela. Na mtu wa chama aliyejikuta ugenini, hata akiwa mateka, aliweza kupata ndugu wa kumpa chakula kwa sababu tu walikuwa wa jina moja la ngoma.

Kuenea huko kuliwatia hofu wakubwa wapya. Maofisa wa upelelezi wa Kiingereza, walipoona vyama vyenye majenerali, matawi na barua zinazokwenda kutoka mji hata mji, walidhani wameshika uzi wa njama. Wengine wakashuku ni mpango wa Waislamu wa dunia nzima, wengine wakanusa mkono wa mapinduzi ya Urusi. Wakachunguza, wakaandika, na mwisho wakaona kwamba ni vyama vya ngoma na vya kusaidiana. Shaka ile ile ilirudi mwaka 1935, wafanyakazi wa migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini walipogoma, na tume ya uchunguzi ikasikiliza ushahidi juu ya Beni kana kwamba ni mshtakiwa. Wapelelezi hao walikuwa hodari, lakini walitafuta hasama ya chama na serikali, au ya chama na chama, kwa kuwa ndizo zilizoonekana katika sare na nyimbo. Hasama ya Kingi na Jenerali wake, walioketi mkeka mmoja wakila sahani moja, haikuingia katika majalada yao.

Sasa na tuvuke bahari tuone wenzetu wa ulingoni, maana katika miaka ile ile ambayo Beni ilikuwa imestawi, Marekani ilipata kisa kinachofundisha somo hili. Biashara ya mieleka huko ilishikwa na watu watatu, Ed Lewis aliyeitwa Mnyongaji, meneja wake Billy Sandow, na Toots Mondt, mbunifu wa michezo ya ulingoni. Januari 1925, katika mji wa Kansas City, Lewis alikubali kubwagwa na Wayne Munn, kijana mkubwa wa umbo aliyepata sifa katika mpira wa Kimarekani lakini asiyejua mieleka ya kweli, kwa kuwa sura yake ingeuza tiketi. Aprili 15 mwaka huo, katika Philadelphia, Munn alipangiwa kumshinda Stanislaus Zbyszko, Mpoland wa makamo aliyekuwa mwajiriwa wa kundi hilo hilo, na ambaye zamani alipata kukabiliana na Gama, mcheza mieleka wa Bara Hindi. Lakini Zbyszko alikuwa amekwisha nunuliwa na mahasimu wa kundi hilo. Kengele ilipolia akaacha mchezo, akapigana kwa kweli, akamlaza Munn chini mara baada ya mara mpaka mwamuzi akakosa la kusema. Na baada ya wiki chache akaupisha ubingwa kwa Joe Stecher, hasimu mkubwa wa Lewis. Watazamaji walidhani wameona mieleka kama kawaida. Walichokiona ni khiyana, na khiyana hufanywa na mtu wa nyumbani, kwa maana mtu wa nje hapewi nafasi ya kuifanya.

Miaka sabini na miwili baadaye kisa kilirudi katika mji wa Montreal. Novemba 9, 1997, Bret Hart, bingwa wa mieleka na mwana wa Kanada, alikuwa akikaribia kuhamia kampuni nyingine, na alikataa kupoteza mkanda katika nchi yake mbele ya Shawn Michaels, ambaye alikuwa akichukiana naye kwa dhati. Mwenye kampuni, Vince McMahon, akamkubalia kwa mdomo kwamba pambano lisingemalizika kwa kushindwa kwake. Kisha, Hart akiwa amebanwa miguu na hajasalimu amri, McMahon akaamuru kengele igongwe. Hart akamtemea mate mbele ya hadhira, na nyuma, katika chumba cha kuvalia, akampiga ngumi ya kweli. Lililofuata ndilo la ajabu zaidi: McMahon aliigeuza chuki ile iliyompata kuwa mchezo mpya, akajifanya tajiri dhalimu wa kuzomewa, akachuma mali nyingi, na mwaka 2010 Hart na Michaels walipeana mikono ulingoni mbele ya kamera. Je, suluhu ile ilikuwa dhahiri au batini? Pengine wao wenyewe hawawezi kuipambanua, kwa kuwa mtu aliyeishi muda mrefu akilipwa kwa chuki na mapenzi yake hupoteza mizani ya kuvipimia. Mieleka ya Kinshasa, yenye uganga na dawa za kumlaza mtu usingizi, na ile ya vijana wa Mukono katika Uganda walioanzisha ulingo wao wa matope, itapita katika njia hiyo hiyo kadiri fedha inavyoingia.

Wanawake wa pwani walikuwa na elimu hii kwa ukamilifu zaidi kuliko wanaume. Vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, vya Mombasa, Ibinaal Watan na Banu Saada, vilipigana kwa nyimbo, nguo na karamu kwa miaka mingi, vikitumia kila hila ya mafumbo ambayo Kiswahili kinaimudu. Lakini tazama jinsi uhasama huo ulivyokuwa na faida pale ulipoongozwa. Mwaka 1955, TANU ilipohitaji wanawake katika Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, hakwenda nyumba kwa nyumba kuwafundisha watu siasa. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, kwa kuwa alijua kwamba kiongozi akikubali kikundi chake kitamfuata, na kikundi kimoja kikikubali, hasimu wake hatapenda kubaki nyuma. Kwa njia hiyo maelfu walijiandikisha katika muda wa miezi. Ghera ya mashindano iliingia katika kudai uhuru ikiwa na watu wake, michango yake na nidhamu yake.

Vizazi vya baadaye viliyaona hayo katika taarabu. Katika miaka ya 1990, bendi ya TOT, iliyoanzishwa mwaka 1992 chini ya Chama cha Mapinduzi na kuongozwa na Kapteni John Komba, ilipambana na kundi la Muungano la Norbert Chenga. Khadija Kopa, aliyetoka Unguja, akasimama upande mmoja, Nasma Khamis upande wa pili, na mipasho yao ikauza kanda katika kila duka, mpaka Kilwa na Lindi. Mashabiki waligombana kwa ajili yao. Lakini katika taarabu kama katika Beni, waimbaji na wapiga vyombo walihama kutoka huku kwenda kule, na hapana aliyeweza kuhama ikiwa mlango wa pili ulikuwa umefungwa kwa uadui wa kweli. Aliyemnyima mwimbaji mkubwa usingizi si yule aliyekuwa akimwimbia mipasho kutoka jukwaa la ng'ambo. Ni yule msichana wa kuitikia, aliyesimama hatua mbili nyuma yake, mwenye sauti iliyokuwa ikikomaa kila wiki.

Baada ya kuyapima hayo yote, twaweza kuona kwamba wazee wa Beni, ambao wasomi wengine waliwacheka kwa wingi wa vyeo vyao, walikuwa wamegundua dawa. Enzi ya Kilwa ilikuwa moja, na kwa umoja wake iliua. Chama cha ngoma, kwa kuwa kilibuni vyeo kwa maneno na kitambaa tu, kiliweza kuvizidisha kila palipotokea mtu mwenye kinyongo. Aliyekosa Ukingi akapewa Ujenerali, aliyemwonea husuda Jenerali akafanywa Hakimu, na husuda ambayo ingekivunja chama ikageuka kuwa bidii ya kushona nguo mpya. Kampuni za mieleka nazo zilijifunza, ndiyo sababu leo zina mikanda mingi badala ya mmoja. Ila dawa hii ina kipimo. Cheo kikigawiwa kwa kila mtu hakiamkiwi na mtu yeyote, na palipo na majenerali kumi na askari watatu hapana gwaride. Kwa hiyo anayesimamia chama chochote cha watu wanaoonyeshwa mbele ya wengine, kiwe cha ngoma, cha taarabu, cha mpira au cha siasa, asijisumbue sana na nyimbo za hasimu wake, ambaye kesho atamhitaji. Na ahesabu kwanza ni wangapi ndani ya nyumba yake wanaostahili kupanda, na ni daraja ngapi alizowawekea.